Mifupa na tezi za parathiroidi kwa anayesafishwa damu: mwongozo kamili kwa mgonjwa na anayemuuguza Uganda

Mgonjwa wa figo anaweza kufika kwenye mashine kila siku yake bila kukosa, maji yakatolewa vizuri, presha ikatulia, na bado mifupa yake ikawa inaharibika kwa miaka bila yeye kuhisi chochote. Maumivu ya nyonga, mgongo na miguu huja baadaye sana. Kuna wanaogundua siku mfupa unapovunjika kwa kuteleza tu bafuni.

Mwongozo huu umeandikwa kwa anayesafishwa damu Kiruddu, Mbarara au katika hospitali ya binafsi, na kwa ndugu anayempikia na kumsindikiza. Tumewafikiria zaidi wale ambao pesa au umbali umewabakisha kwenye vipindi viwili kwa wiki, kwa sababu hao ndio fosfeti (madini ya fosforasi yanayotoka kwenye chakula) huwalemea kwanza. Dozi zote hapa ni za kukusaidia kuelewa na kuuliza. Anayezibadilisha ni daktari wako wa figo.

Kinachotokea mwilini

Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi (ile inayovimba ikaitwa rovu), kuna tezi nne ndogo, kila moja ikiwa na ukubwa wa punje ya mchele. Hizo ndizo tezi za parathiroidi. Kazi yake ni kulinda kiwango cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ikishuka kidogo tu, hutoa homoni ya parathiroidi, PTH, nayo PTH huamuru mifupa iachie kalsiamu.

Figo zikifa, mambo matatu huharibika kwa pamoja. Fosfeti ya chakula haitoki tena kwenye mkojo, inabaki katika damu. Vitamini D haigeuzwi kuwa hai, kwa sababu hatua ya mwisho ya kuigeuza hufanyika kwenye figo. Na bila vitamini D hai, utumbo hunyonya kalsiamu kidogo. Tezi zinapokea ujumbe uleule mchana na usiku: toa PTH zaidi. Zinatii, zinakua, na baada ya miaka baadhi yake hufikia hali ya kutoa homoni bila kusikiliza tena kiwango cha kalsiamu. Hapo dawa hushindwa.

Kalsiamu na fosfeti zinazotoka mifupani haziishii hewani. Huenda kutuama kwenye kuta za mishipa ya damu, kwenye vali za moyo, kwenye viungo na kwenye ngozi. Kwa hiyo huu si ugonjwa wa mifupa peke yake. Moyo nao unaumia.

Hatua ya kwanza: vipimo, na namna damu inavyochukuliwa

Vipimo vinavyohitajika ni vinne: kalsiamu (pamoja na albumini, protini kuu ya damu), fosfeti, ALP (kimeng'enya kinachotoka kwenye mifupa na ini) na PTH. Kwa aliye kwenye dialisisi (kusafishwa damu kwa mashine), kalsiamu na fosfeti hupimwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, PTH kila miezi mitatu hadi sita, na ALP angalau mara moja kwa mwaka, au mara nyingi zaidi PTH ikiwa juu.

PTH ni kipimo ghali na wengi hukiahirisha. Pesa ikibana, usikate fosfeti na kalsiamu ili upate PTH. Endelea na hivyo viwili kila mwezi, halafu tazama ALP, ambayo mara nyingi imo tayari ndani ya vipimo vya ini. ALP ikipanda juu ya takriban yuniti 130 kwa lita ilhali vipimo vingine vya ini ni vya kawaida, mifupa inavunjwa na kujengwa kwa kasi isiyo ya kawaida. Hicho ni kidokezo cha bei nafuu kwamba sasa PTH inafaa kulipiwa.

Damu ichukuliwe kabla ya kuunganishwa kwenye mashine, na kabla heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) haijaingia. Ikichukuliwa baada ya kipindi, fosfeti itaonekana nzuri sana na itakudanganya. Usipime pia baada ya pengo refu kati ya vipindi leo na baada ya pengo fupi mwezi ujao. Chagua siku moja ya wiki na uishike.

Makosa mawili ya maabara yanapaswa kujulikana kwa sababu yanaweza kuleta matibabu yasiyo sahihi. La kwanza: chupa ya kizibo cha zambarau ina EDTA, kemikali inayoshika kalsiamu, nayo huwa na potasiamu ndani yake. Damu ya kupimia kalsiamu ikiingia humo, hata kwa kumiminwa kutoka chupa moja hadi nyingine, jibu huonyesha kalsiamu ya chini mno na potasiamu ya juu mno. Ukiona hayo mawili kwa pamoja na mgonjwa hana dalili, omba damu ichukuliwe upya mara moja. La pili: PTH huharibika katika joto. Sampuli iliyokaa mezani saa nyingi ikisubiri boda huleta jibu la chini kuliko ukweli. Kwa PTH chupa ya EDTA ndiyo inayofaa, ikiwa ndani ya kiboksi cha barafu, na isafirishwe siku hiyohiyo.

Tumia maabara ileile kila mara, maana mashine za PTH hazifanani na majibu yake hayalinganishwi moja kwa moja. Kama unakunywa vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, sema kabla ya kupima. Vinaweza kushusha jibu la PTH kwa uongo.

Hatua ya pili: kusoma majibu kwa pamoja

Fosfeti ya mtu mzima huwa takriban milimoli 0.8 hadi 1.45 kwa lita, sawa na miligramu 2.5 hadi 4.5 kwa desilita. Kwenye dialisisi lengo ni kuishusha kuelekea huko, hata kama haitafika. Kalsiamu ni takriban milimoli 2.1 hadi 2.6 kwa lita, na jambo la kuepuka zaidi ni kuvuka kiwango cha juu. Maabara ikitoa majibu kwa miligramu, gawanya fosfeti kwa 3.1 na kalsiamu kwa 4 upate milimoli.

Albumini ikiwa chini ya gramu 40 kwa lita, kalsiamu halisi iko juu kuliko inavyoonekana. Kwa kila gramu iliyopungua chini ya 40, ongeza milimoli 0.02. Mtu mwenye kalsiamu 2.05 na albumini 30 anahesabiwa 2.25, ambayo ni ya kawaida. Kumpa kalsiamu zaidi kungekuwa kosa.

PTH kwa anayesafishwa damu hailengwi kuwa ya kawaida. Inaruhusiwa kuwa kati ya mara mbili na mara tisa ya kiwango cha juu cha maabara. Maabara ikiandika kiwango cha juu ni pikogramu 65 kwa mililita, basi nafasi yako ni takriban 130 hadi 585. Hapa wengi hushtuka bure wakiona nyota nyekundu kwenye karatasi. Lakini namba moja haitoshi: PTH iliyotoka 180 ikaenda 320, kisha 510, bado iko ndani ya nafasi, nayo inahitaji hatua sasa kwa sababu inapanda kila mara. Yenye 450 kwa mwaka mzima haina haraka hiyo.

Mchanganyiko wa majibu ndio unaoonyesha njia. Fosfeti juu, kalsiamu chini au ya kawaida, PTH juu: anza na fosfeti, kisha vitamini D hai. Fosfeti juu, kalsiamu juu na PTH juu sana: tezi zimeanza kujitegemea. Kalsiamu ya vidonge na vitamini D hai husimamishwa kwanza, na mazungumzo ya upasuaji yaanze. Kalsiamu juu na PTH chini ya mara mbili: umetibiwa kupita kiasi. Mifupa imelala, haijijengi tena, na kalsiamu inayokunywewa haina pa kwenda ila kwenye mishipa. Huyu wa mwisho husahaulika sana, kwa kuwa karatasi yake ya PTH inaonekana nzuri.

Weka daftari lenye safu za tarehe, kalsiamu, albumini, fosfeti, ALP, PTH, dawa na dozi ya siku hiyo, na vipindi ulivyokosa. Madaktari na wauguzi hubadilika. Daftari lako likibaki nawe, anayekuja anaanzia pale mwenzake alipoishia.

Hatua ya tatu: hesabu ya fosfeti ya wiki

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini kila familia inapaswa kuiona mara moja. Mtu anayekula miligramu 1000 za fosforasi kwa siku hunyonya takriban 600. Kwa wiki ni 4200. Kipindi cha saa nne hutoa takriban 800. Vipindi vitatu hutoa 2400, viwili hutoa 1600. Kidonge kimoja cha kalsiamu kabonati chenye miligramu 500 za kalsiamu halisi hufunga takriban miligramu 50 za fosforasi, kwa hiyo vitatu kwa siku hufunga kama 1050 kwa wiki.

Kwa vipindi viwili, jumla ya kutoka ni 2650 dhidi ya 4200 zilizoingia. Mkojo ukiwapo bado, unapunguza kiasi fulani. Ukiwa umekauka, zinabaki mwilini. Ndiyo maana chakula peke yake hakitoshi, vidonge peke yake havitoshi, na mashine peke yake haitoshi. Ndiyo maana pia anayeondoka mashineni nusu saa mapema kila kipindi hupoteza sana: fosfeti hutoka polepole kutoka ndani ya seli, na muda ndio unaoivuta. Pesa zikiongezeka kidogo, maoni yetu ni kwamba kipindi cha tatu kinanunua faida kubwa kuliko dawa yoyote iliyotajwa humu.

Hatua ya nne: sahani

Lengo ni miligramu 800 hadi 1000 za fosforasi kwa siku bila kujinyima protini. Dialisisi huondoa protini, hivyo unahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito: kwa mtu wa kilo 60, gramu 60 hadi 72 kwa siku. Anayeacha nyama, samaki na maharage kwa hofu ya fosfeti atakonda, na kukonda kwenye dialisisi kunaua mapema kuliko fosfeti.

Kinachopaswa kukatwa kwanza ni fosfeti ya kiwandani, kwa sababu hunyonywa karibu yote, na haileti lishe yoyote. Iko kwenye soda nyeusi za kola, soseji, nyama za makopo, jibini la kupaka, na baadhi ya unga wa kuumulia (baking powder) wa mandazi na keki. Soma karatasi ya pakiti: E338 hadi E341 na E450 hadi E452 zote ni fosfeti. Kama hakuna karatasi, kama kwenye soseji za kando ya barabara, chukulia kwamba imo.

Fosforasi ya nyama, samaki, mayai na maziwa hunyonywa takriban nusu au zaidi kidogo. Ya maharage, njugu na nafaka hunyonywa kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, kwa kuwa imefungwa kwenye asidi ya mbegu ambayo utumbo wa binadamu hauwezi kuifungua vizuri. Kwa hiyo katazo la zamani la maharage limelegea. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina takriban miligramu 240. Nusu kikombe kwa mlo, yakiwa yamelowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, yakachemshwa kwa maji mapya, ni chakula kinachofaa kwa nyumba nyingi za Uganda ambako nyama si ya kila siku. Kuloweka huko hupunguza potasiamu pia.

Mukene (dagaa) ndio mtego mkubwa. Ni wa bei nafuu, una protini, na watu huambiwa kwamba unajenga mifupa. Lakini huliwa na mifupa yake yote, na gramu 100 za mukene mkavu zina zaidi ya miligramu 1000 za fosforasi. Kijiko kimoja cha unga wa mukene kwenye mchuzi bado ni kingi ukila kila siku. Kipande cha ngege au sangara kisicho na mfupa, gramu 100, kina takriban 200. Badilisha hapo kwanza. Mchuzi uliochemshwa kwa mifupa ya ng'ombe, maini na figo viwe nadra.

Njugu ya kusaga na simsim huingia kila mchuzi wa majani, kuanzia Gulu hadi Kampala. Gramu 30 za njugu zina takriban 110. Kijiko kimoja cha chakula ndani ya sufuria ya familia hakina neno. Bakuli zima la mchuzi wa njugu juu ya viazi ni jambo jingine, na potasiamu yake pia.

Maziwa robo lita yana takriban 230. Kwa anayetoka Ankole, ambako maziwa na bongo (maziwa yaliyoganda) ni chakula kamili, punguza hadi nusu kikombe kwa siku, kinachotosha kuweka rangi kwenye chai. Samli ina fosforasi kidogo sana. Yai zima lina takriban 95, karibu yote iko kwenye kiini, na ute wa yai moja una gramu 3.6 za protini na takriban miligramu 5 tu. Mwambie muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) atumie yai moja zima na ute wa mawili. Hakuna protini safi kuliko hiyo kwa mgonjwa wa fosfeti.

Posho ya unga namba moja na wali mweupe vina fosforasi ndogo kuliko unga usiokobolewa na mtama. Matoke na muhogo vina fosforasi ndogo, ila potasiamu yao ni nyingi: vimenywe, vikatwe, vichemshwe kwa maji mengi yamwagwe, badala ya kufukizwa ndani ya majani. Nyama nayo ikichemshwa kwanza na maji yale yakamwagwa, hupoteza sehemu ya fosforasi kabla ya kukaangwa. Ladha irudishwe kwa kitunguu, tangawizi na ndimu.

Hatua ya tano: vidonge vya kufunga fosfeti

Dawa hizi hazifanyi kazi ndani ya damu. Zinafanya kazi ndani ya tumbo, zikikutana na chakula. Kidonge kikinywewa saa moja baada ya kula, fosfeti imekwisha kupita, na kama ni cha kalsiamu, kalsiamu ndiyo itakayonyonywa. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi, na mara nyingi limetoka kwenye kibandiko cha duka la dawa kilichoandikwa "1x3" bila neno la chakula.

Nywa kidonge baada ya matonge mawili matatu ya kwanza, au kigawe mwanzo na katikati ya mlo. Kiasi kifuate sahani, si saa. Mlo wa nyama, samaki au maharage unahitaji kingi, chai na chapati kidogo, tunda peke yake hakuna. Siku unapoumwa na huli, huvinywi. Fosfeti ikishuka chini ya 0.8, maana yake mara nyingi huli vya kutosha. Mwone daktari, vidonge vipunguzwe. Weka vichache kwenye mfuko wa shati au mkoba, kwa maana arusini na matangani ndiko nyama iliko.

Kalsiamu kabonati ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Kidonge cha miligramu 1250 kina kalsiamu halisi 500. Kitafune, usikimeze kizima. Jumla ya kalsiamu halisi kutoka kwenye vidonge isivuke miligramu 1500 kwa siku, na mwelekeo wa sasa ni kubaki chini ya hapo. Kalsiamu kabonati inahitaji asidi ya tumbo ili kuyeyuka, hivyo anayekunywa omeprazoli kila siku hupata faida ndogo. Muulize daktari kama bado unaihitaji. Kalsiamu asetati hufunga vizuri zaidi kwa kiasi kilekile cha kalsiamu: kidonge cha 667 kina kalsiamu halisi 169 tu. Sevelama ya 800 haina kalsiamu kabisa na ndiyo inayofaa pale kalsiamu iko juu au mishipa imeshakuwa migumu. Imezwe nzima, isipondwe. Huleta choo kigumu, nayo ni ghali.

Kuna vitu viwili vya kurudisha dukani. Kalsiamu lakteti ya 300 ina kalsiamu halisi takriban 39, na haifungi fosfeti ya maana. Vidonge vya kiungulia vyenye aluminiamu hufunga vizuri sana, lakini aluminiamu hujikusanya kwenye mifupa na ubongo wa asiye na figo. Visitumike kwa kuendelea, na kamwe visichanganywe na kalsiamu sitreti, ambayo huongeza unyonywaji wa aluminiamu.

Kalsiamu hukamata dawa nyingine tumboni. Antibiotiki ya siprofloksasini inywewe saa 2 kabla au saa 6 baada. Dawa ya thairoidi itengwe kwa saa 4. Vidonge vya madini ya chuma vitengwe pia. Anayetumia dolutegraviri kwa ajili ya VVU anaweza kuinywa pamoja na kalsiamu iwapo ni pamoja na chakula. Bila chakula, iwe saa 2 kabla au saa 6 baada. Dawa za kiungulia zenye aluminiamu au magnesiamu hazina ruhusa hiyo, zitengwe daima.

Hatua ya sita: mashine, vitamini D hai na sinakalseti

Muulize muuguzi maji ya dialisisi yana kalsiamu kiasi gani. Kinachopendekezwa ni milimoli 1.25 hadi 1.5 kwa lita. Yakiwa 1.75, kila kipindi kinaweza kukuongezea kalsiamu, na daktari anayekupa vidonge vya kalsiamu juu yake anapaswa kulijua hilo.

Vitamini D hai (alfakalsidoli au kalsitrioli) huanzishwa PTH inapopanda mfululizo na fosfeti ikiwa imeshatulizwa. Dozi ya kuanzia huwa mikrogramu 0.25 kwa siku, au dozi kubwa zaidi siku za mashine. Dawa hii humfanya mtu anyonye kalsiamu na fosfeti zaidi. Ikitolewa fosfeti ikiwa juu sana, unamwaga mafuta motoni. Kalsiamu na fosfeti zipimwe baada ya wiki mbili hadi nne, na kalsiamu ikivuka kiwango, dawa isimamishwe mpaka ishuke. Vitamini D ya kawaida ya dukani si dawa hii. Jua la asubuhi pia halitoshi, kwa sababu figo za kumalizia kazi hazipo.

Sinakalseti huzidanganya tezi zione kalsiamu inatosha. Huanza miligramu 30 mara moja kwa siku pamoja na chakula, huongezwa taratibu kila wiki mbili hadi nne, na kikomo ni 180. Isianzishwe kalsiamu ikiwa chini ya 2.1. Kichefuchefu ni cha kawaida. Kuinywa na mlo wa jioni husaidia. PTH ipimwe angalau saa 12 baada ya dozi, la sivyo jibu litaonekana zuri kuliko ukweli. Kabla ya kuanza, hesabu kama utaweza kuilipia kwa miezi. Ukiiacha ghafla, PTH hurudi juu.

Maumivu ya mifupa yatulizwe kwa parasetamoli, isizidi gramu 3 kwa siku. Diklofenaki na ndugu zake huondoa mkojo mdogo uliobaki na kutoboa tumbo. Sindano ya denosumabu kwa mifupa dhaifu imeonywa vikali kwa wagonjwa wa dialisisi, kwa kuwa kalsiamu huweza kushuka hadi kuua. Usikubali bila daktari wa figo kujua.

Hatua ya saba: upasuaji

PTH ikikaa juu ya 800 hivi, na kalsiamu au fosfeti iko juu licha ya dawa, au mifupa inauma, inavunjika, mwasho hauishi, au damu haipandi hata kwa sindano za kuongeza damu, tezi zinapaswa kutolewa. Picha ya eksirei ya vidole huonyesha mfupa ulioliwa kando ya kidole cha shahada na cha kati. Ni kipimo rahisi, kinapatikana hata hospitali za mikoa. Altrasaundi ya shingo husaidia kuona tezi zilizokua.

Mpasuaji huacha nusu ya tezi moja, au hutoa zote nne na kupandikiza vipande kwenye mkono usio na fistula (mshipa ulioandaliwa kwa ajili ya mashine). Uliza ni mpasuaji aliyezoea tezi za shingo, kwa sababu mshipa wa fahamu wa sauti unapita hapohapo. Dialisisi ifanyike siku moja kabla. Vitamini D hai mara nyingi huanza siku chache kabla ili kujiandaa na kinachokuja.

Kinachokuja ni njaa ya mifupa. PTH ikishuka ghafla, mifupa iliyonyang'anywa kwa miaka huanza kunyonya kalsiamu yote iliyo kwenye damu. Hatari kubwa ni siku ya pili hadi ya nne, na kadiri ALP ilivyokuwa juu kabla ya upasuaji, ndivyo njaa inavyokuwa kali. Kalsiamu ipimwe kila saa 4 hadi 6 kwa saa 48 hadi 72 za kwanza. Wodi isiyoweza kupima usiku haifai kwa upasuaji huu. Kalsiamu glukoneti ya mshipa iwe imenunuliwa na iko kando ya kitanda kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji: mililita 10 za asilimia 10 zina miligramu 90 za kalsiamu halisi, na drip inaweza kuhitaji nyingi kwa siku kadhaa. Isipitishwe kwenye mshipa mwembamba unaovuja, huchoma nyama. Akianza kula, hupewa kalsiamu kabonati gramu 1 hadi 2 mara tatu kwa siku, na vitamini D hai hadi mikrogramu 2. Safari hii hunywewa mbali na chakula, ili ile kalsiamu inyonywe. Maji ya dialisisi yenye kalsiamu ya juu, 1.75, ndiyo yanayotakiwa sasa.

Anayeuguza asiondoke usiku wa kwanza hadi wa nne. Ganzi kuzunguka mdomo, vidole kuchomachoma, mikono kukakamaa, au degedege: muuguzi aitwe papo hapo, bila kusubiri mzunguko wa asubuhi.

Dalili zisizosubiri kliniki

Nyonga au paja linalouma ghafla baada ya kuteleza, hata kama mtu anatembea, lipigwe eksirei siku hiyo. Maumivu juu ya goti au nyuma ya kisigino yaliyoanza kwa mlio na mguu kushindwa kunyooka huweza kuwa kano (kamba inayounganisha msuli na mfupa) iliyokatika. Kufunga choo, kiu, kuchanganyikiwa na usingizi mwingi kwa anayekunywa kalsiamu na vitamini D hai ni dalili za kalsiamu iliyopanda. Simamisha dawa hizo mbili na upime leo.

Na kidonda kigumu, chenye rangi ya zambarau au cheusi, kinachouma kupita ukubwa wake, kwenye tumbo, matako au mapaja, kisipakwe dawa ya kienyeji wala kukatwa nyumbani. Huenda ni mishipa midogo ya ngozi iliyoziba kwa kalsiamu, hali inayoua kwa maambukizi. Nenda kwenye kitengo chako cha dialisisi siku hiyohiyo na dawa zako zote mkononi, na kama unatumia warfarini (kidonge cha kuzuia damu kuganda), hiyo iwe ya kwanza kutajwa.